Laini mbili, ruta moja: kwa nini majibu yanapotea njia

SWALI: Salamu mtaalamu. Ninasimamia ruta ya Linux yenye laini mbili za intaneti. Moja ina kasi kubwa lakini huyumba. Nyingine ina kasi ndogo lakini imetulia. Nilitaka simu za mtandao zipite kwenye laini tulivu na mengine yote yabaki kwenye laini ya kasi. Simu ziko 192.168.20.0/24 nyuma ya eth0, seva ziko 192.168.10.0/24 nyuma ya eth1. Laini ya kasi ni eth2, anwani 198.51.100.2, na laini tulivu ni eth3, anwani 203.0.113.2. Niliandika hivi:

ip route add default via 203.0.113.1 dev eth3 table 100
ip rule add from 192.168.20.0/24 table 100

Traceroute (amri inayoonyesha ruta ambazo pakiti inazipitia) kutoka upande wa simu inaonyesha njia sahihi. Lakini sasa simu haziioni seva yetu ya simu iliyoko 192.168.10.5. Pia nilifungua mlango 443 kwenye 203.0.113.2 uelekezwe kwa seva 192.168.10.8, na watu wa nje hawapati jibu. Kwa anwani ya laini ya kasi wanapata. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hizo ni hitilafu mbili tofauti. Kanuni uliyoandika ni halali na inafanya ulichoiambia. Shida ni kwamba inashughulikia safari ya kwenda tu, tena safari ya kwenda nje tu. Tuanze na simu, kwa kuwa hiyo ndiyo rahisi.

Uelekezaji wa kawaida huuliza swali moja: pakiti inakwenda wapi? Ukitumia sera, yaani kanuni zako mwenyewe za kuchagua njia, ruta huuliza pia imetoka wapi, imeingilia kiolesura kipi (tundu la mtandao kama eth0), imebeba alama gani. Linux hufanya hivyo kwa kuwa na majedwali kadhaa ya njia, na juu yake orodha ya kanuni inayosema ni jedwali lipi lisomwe lini. Andika ip rule show utaona kanuni tatu ambazo mfumo huja nazo: namba 0 inayosoma jedwali la local, namba 32766 inayosoma main, na 32767 inayosoma default. Usomaji huanzia namba ndogo. Jedwali likiwa na jibu, kazi imeisha hapo. Likikosa jibu, kerneli, yaani kiini cha Linux, hushuka kwenye kanuni inayofuata. Sentensi hii ya mwisho ishike vizuri, tutaihitaji tena.

Kanuni yako hukuipa namba, hivyo kerneli iliipa 32765, yaani juu ya main. Simu inapomtafuta 192.168.10.5, kanuni hiyo inaikamata kwanza na kusoma jedwali 100. Humo kuna mstari mmoja tu, njia ya chaguomsingi kupitia eth3, na njia ya chaguomsingi hujibu kila anwani. Kwa hiyo pakiti ya kwenda chumba cha pili inatupwa kwenye intaneti, ambako anwani za 192.168 hazipelekwi popote.

Wengi hutibu hili kwa kunakili mitandao ya ndani kwenye jedwali 100. Inafanya kazi mpaka siku mtu anapoongeza mtandao mpya wa ndani na kusahau kuunakili. Mimi napendelea hii:

ip rule add priority 900 table main suppress_prefixlength 0
ip rule add priority 1000 from 192.168.20.0/24 table 100

Mstari wa kwanza unasema: soma main, lakini jibu likiwa ni njia ya chaguomsingi, lipuuze uendelee. Mitandao yote ambayo ruta inaifahamu kwa jina itaendelea kufikika kama zamani, na sera itahusu tu kile ambacho kingetoka nje. Ile kanuni ya zamani ya 32765 uifute. Na siku zote andika namba mwenyewe: usipoandika, kila kanuni mpya huwekwa juu ya ile uliyoiongeza kabla yake, na baada ya muda mpangilio huwezi kuutabiri.

Sasa watu wa nje. Hapa ndipo panapowasumbua wasimamizi wengi, kwa hiyo tufuate pakiti moja hatua kwa hatua. Mteja aliyeko 192.0.2.50 anapiga 203.0.113.2 mlango 443. Pakiti inaingia eth3. Kabla ya uamuzi wa njia, anwani ya mwisho inabadilishwa kuwa 192.168.10.8. Kisha kerneli inakagua chanzo: je, ningetaka kumjibu 192.0.2.50, ningetumia kiolesura hikihiki? Main inasema hapana, ningetumia eth2. Ikiwa rp_filter, mpangilio unaoongoza ukaguzi huo, iko kwenye 1 (ukaguzi mkali), pakiti inatupwa papo hapo bila ujumbe wowote kwa mteja. Seva yako haitajua kuwa mtu alibisha hodi.

Tuseme imepita. Seva inajibu, na jibu linaingia rutani kupitia eth1 likiwa na chanzo 192.168.10.8. Zingatia: wakati wa kuchagua njia, anwani ya chanzo bado haijarudishwa kuwa 203.0.113.2, hilo hufanyika baadaye, pakiti ikiwa inatoka. Ndiyo maana hata ukiweka kanuni ya from 203.0.113.2, jibu hili haitaligusa. Linasoma main, linatoka eth2, likiwa limevaa anwani ya mtoa huduma mwingine. Watoa huduma wengi huzuia pakiti zenye chanzo kisicho chao, na wanafanya vizuri: pendekezo hilo limeandikwa tangu mwaka 2000 katika RFC 2827 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), ili kudhibiti mashambulizi ya anwani za kughushi. Kwa hiyo jibu linafia njiani, na traceroute yako haikuweza kukuonyesha hilo, kwa sababu inaorodhesha ruta za safari ya kwenda. Njia ya kurudi haiioni.

Dawa ni kuufanya muunganisho wenyewe ukumbuke uliingilia wapi:

iptables -t mangle -A PREROUTING -i eth3 -m conntrack --ctstate NEW -j CONNMARK --set-mark 1
iptables -t mangle -A PREROUTING -i eth1 -j CONNMARK --restore-mark
ip rule add priority 1100 fwmark 1 table 100

Mstari wa kwanza unaubandika alama muunganisho mpya unaoingia kwa eth3. Wa pili unainakili alama hiyo kwenye kila pakiti ya muunganisho huo inayotoka upande wa seva. Wa tatu unazipeleka zenye alama kwenye jedwali 100. Kanuni ya 900 ipo juu yake, hivyo mazungumzo ya ndani hayaguswi.

Huduma zilizo kwenye ruta yenyewe, kwa mfano SSH au hata ping ya kupimia, hazipiti PREROUTING zinapojibu. Kwa hizo inatosha kanuni ya anwani ya chanzo:

ip rule add priority 1050 from 203.0.113.2 table 100

Kuhusu rp_filter, weka 2 kwenye eth3, yaani ukaguzi legevu: chanzo kikubalike mradi kinafikika kwa kiolesura chochote. Hiki ndicho RFC 3704 inachokipendekeza kwa mitandao yenye njia zisizolingana. Kuna mtego hapa. Kerneli hulinganisha thamani ya conf/all (ya violesura vyote) na ya kiolesura chenyewe na kuchukua kubwa. Ukiandika 0 kwenye eth3 huku all ikiwa 1, ukaguzi unabaki mkali, na unaweza kupoteza nusu siku ukidhani umeshauzima. Kujua kama pakiti zinatupwa hapo, tazama kihesabu cha TcpExtIPReversePathFilter kwa amri ya nstat -az. Kikipanda kila mteja anapojaribu, umempata mhusika.

Usibahatishe, pima. Kerneli iko tayari kukueleza uamuzi wake kabla ya pakiti yoyote kupita:

ip route get 192.168.10.5 from 192.168.20.15 iif eth0
ip route get 192.0.2.50 from 192.168.10.8 iif eth1 mark 1

Ya kwanza ijibu eth1, ya pili ijibu eth3. Kisha fungua tcpdump (programu ya kutazama pakiti zinazopita) tatu kwa pamoja, kwenye eth1, eth2 na eth3, na umwombe mtu wa nje ajaribu. Ombi likionekana eth3 na jibu eth2, alama haijafanya kazi. Ombi likionekana eth3 na pasiwe na kitu eth1, anza na rp_filter.

Hakikisha pia tafsiri ya anwani inafuata kiolesura cha kutokea: MASQUERADE (kanuni inayoivalisha pakiti anwani ya kiolesura inachotokea) ya eth2 na ya eth3 kila moja kivyake. Na ukishabadilisha kanuni, kumbuka kwamba tafsiri huamuliwa na pakiti ya kwanza ya muunganisho. Simu zilizokuwa zimejisajili kabla ya mabadiliko zinaweza kuendelea kuvaa anwani ya zamani kwenye laini mpya. Futa miunganisho hiyo kwa conntrack -D -s 192.168.20.0/24, simu zijisajili upya.

Nimefurahi kwamba ulichagua mtandao wa chanzo kuwa kigezo. Wapo wanaoandika sera ya mlango 5060 wakidhani wameshika simu. Wanashika maagizo ya SIP tu (ya kuanzisha na kukata simu), wakati sauti yenyewe husafiri kwa RTP kwenye milango inayokubaliwa upya kwa kila simu. Matokeo yake simu inaita kwa laini moja na sauti inapita nyingine. Alama ya DSCP 46 (alama ya kipaumbele ndani ya pakiti) inayowekwa kwenye sauti ni kigezo kizuri zaidi ya mlango, ila kifaa chochote kinaweza kujiwekea, kwa hiyo iamini pale tu unapovidhibiti vifaa vyenyewe.

Kwa wasomaji wenye ruta za Cisco, mantiki ni ileile kwa majina mengine: route-map yenye match ip address na set ip next-hop, ikifungwa kwa ip policy route-map kwenye kiolesura cha kuingilia. Ukiifunga cha kutokea haitafanya chochote. Sharti la deny ndani ya route-map ya aina hii halitupi pakiti. Linairudisha kwenye uelekezaji wa kawaida. Pakiti zinazozaliwa na ruta yenyewe zinahitaji ip local policy route-map.

Bado jambo moja hukuuliza, nalo litakufikia: laini tulivu ikikatika itakuwaje? Kiolesura kikizimika, njia zake zinafutika, jedwali 100 linabaki tupu, na jedwali lisilo na jibu hurukwa. Simu zitahamia laini ya kasi zenyewe. Kama kuna trafiki ambayo afadhali isimame kuliko kupita kwingine, weka kizuizi chini ya njia hiyo:

ip route add unreachable default metric 1000 table 100

Lakini mara nyingi kiolesura hakizimiki. Kebo ina taa, lango linajibu, na hitilafu iko mbele kabisa kwa mtoa huduma. Kerneli haina namna ya kujua. Unahitaji hati ndogo inayoipima anwani ya mbali kwa ping -I 203.0.113.2, ikifeli mara kadhaa mfululizo iondoe kanuni za 1000 na 1100, na ikipona izirudishe. Tumia anwani baada ya -I, usitumie jina eth3. Ukifunga ping kwa jina la kiolesura, kanuni yako ya 1050 haiguswi, main haina njia ya chaguomsingi kwa eth3, na kerneli itaidhania anwani ya mbali kuwa iko kwenye waya uleule. Kipimo kitafeli hata laini ikiwa nzima.

Amri zote hizi hupotea ruta ikiwashwa upya, kwa hiyo zihamishie kwenye usanidi wa kudumu wa mtandao wako, pamoja na njia ya jedwali 100, ambayo hairudi yenyewe eth3 ikizimwa na kuwashwa. Na kama watoa huduma wako wanakupa IPv6, kanuni zake ni orodha tofauti, ip -6 rule. Simu yenye anwani ya IPv6 itaipuuza sera yako yote na kupita laini ya kasi mpaka utakapoiandikia kanuni zake.