Piga kabla ya Isha: maswali ya wasomaji kuhusu picha za majengo ya Dubai usiku

SWALI: Ndugu mwandishi, salamu nyingi. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo na vipodozi, Kariakoo, Dar es Salaam, na kila mwaka huenda Dubai mara tatu au nne kufuata mzigo. Mchana kutwa niko madukani Deira, kwa hiyo nafasi ya kutembea mjini naipata usiku tu, nikishakula, kwenye saa tatu au saa nne. Simu yangu ni nzuri na kamera yake inasifiwa, lakini kila nikiipiga Burj Khalifa inatoka kama mwenge mweupe gizani, haina madirisha wala kingo, na mara nyingine picha imetikisika. Lile jumba la makumbusho lenye maandishi ya Kiarabu ndilo baya zaidi, maana maandishi yote huyeyuka yakawa weupe mtupu. Je, ninunue simu nyingine, au kuna jambo ninalokosea?

JIBU: Ndugu yangu wa Kariakoo, fedha yako iache kwenye mzigo. Simu yako inatosha. Unachokosea zaidi ni saa ya kutoka. Unafika mbele ya jengo wakati anga limekwisha kuwa jeusi tii, na hapo hata kamera ya gharama kubwa hubaki na vitu viwili visivyopatana, taa kali na giza lisilo na chochote ndani yake. Picha nyingi za miji usiku tunazoziona kwenye kalenda na kuzitamani hazikupigwa usiku mkubwa. Zilipigwa katika muda mfupi baada ya jua kuzama, taa za majengo zikiwa zimeshawashwa na anga likiwa bado na buluu iliyokolea, kwa sababu katika muda huo nguvu ya taa na nguvu ya anga hukaribiana, na kamera huweza kuvibeba vyote viwili kwa mara moja bila kuunguza kimoja wala kukizamisha kingine.

Kwa aliyeko Dubai, muda huo hauhitaji programu yoyote ya kuukokotoa, kwa kuwa adhana inautangaza. Inapoadhiniwa Magharibi, jua ndiyo kwanza limezama na anga bado lina mwanga mwingi kuliko taa. Hesabu kama robo saa, kisha anza kazi, ukijua kwamba una dakika ishirini hivi na kwamba ile buluu itakuwa imekwisha kabla ya kuadhiniwa Isha. Aliyeswali Magharibi msikitini na kutoka bila kukawia anakuta mlango ndio unafunguka. Mwanzoni mwa Desemba jua la huko huzama karibu saa 11:30 jioni, na mwishoni mwa Juni karibu saa 1:10, kwa saa za Dubai ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Nalitaja hili kwa sababu wasafiri wetu wengi huendelea kuhesabu kwa saa ya nyumbani na kufika wamechelewa. Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo: katika safari yako ijayo, siku moja tu, funga hesabu mapema na uende kwenye jengo lako kabla ya Magharibi, mzigo utaukuta kesho yake.

Jambo la pili ni kwamba simu haijui kuwa ni usiku. Imetengenezwa ikiamini kwamba picha njema haiwi nyeusi sana wala nyeupe sana, na inapokutana na picha ambayo sehemu yake kubwa ni giza, huona upungufu na kuanza kuongeza mwanga. Ikiongeza, giza hugeuka kijivu chenye chengachenga, na jengo, ambalo lilikuwa na mwanga wa kutosha tangu mwanzo, linaungua. Ndiyo asili ya ule mwenge wako mweupe. Dawa yake iko kwenye kidole: gusa sehemu ya jengo inayong'aa zaidi kwenye skrini, kidole kikae hapo sekunde mbili mpaka simu ioneshe kwamba imefunga, kisha telezesha alama ya jua kuelekea chini. Utaona picha inafifia na utadhani umezidisha, lakini endelea kidogo, kwa sababu kivuli kilichozidi kinaweza kuinuliwa baadaye ukiwa hotelini, ilhali taa iliyoungua haina kitu ndani yake cha kurudisha.

Lile jumba lililokushinda ndilo ningelichagua kuwa mahali pa kujifunzia. Ni Museum of the Future, lililobuniwa na msanifu Shaun Killa na kufunguliwa tarehe 22 Februari 2022, lenye urefu wa mita 77 na umbo la pete iliyobonyezwa. Maandishi yake, kazi ya msanii Mattar bin Lahej, yanabeba maneno ya mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, na hayakuandikwa juu ya ukuta: yametobolewa ndani yake, herufi zenyewe ndizo madirisha, na usiku huwashwa kwa mistari ya taa za LED ambayo urefu wake wote hufika kilomita 14. Ukuta unaozizunguka herufi hizo ni wa chuma kisichoshika kutu, unaoakisi kilichoko mbele yake. Fikiri basi kinachotokea saa tatu usiku: chuma hakina cha kuakisi isipokuwa giza, herufi zinawaka peke yake, na simu inapojitahidi kukuonyesha chuma, inaziyeyusha herufi. Dakika ishirini baada ya Magharibi chuma hicho hicho kimevaa buluu ya anga, herufi zimekaa juu yake kama hariri nyeupe, na simu haina haja ya kujitahidi. Kwa msomaji aliyepita chuo cha Kurani utotoni kipimo ni chepesi: vuta picha uliyoipiga kwenye skrini, na kama unaweza kuzitambua herufi moja moja kwa kingo zake, mwanga umeushusha vya kutosha.

Kuhusu kutikisika, tumia modi ya usiku ya simu yako, lakini ujue inavyofanya kazi. Katika modi hiyo simu haipigi picha moja. Inapiga nyingi mfululizo, kisha inazipanga moja juu ya nyingine na kuzichanganya, na mkono wako unapotikisika katika sekunde hizo inashindwa kuzilinganisha. Ukiisimamisha kwenye stendi ndogo, au ukiiegemeza ukingoni mwa daraja huku mkoba ukiizuia isianguke, simu nyingi hutambua zenyewe kwamba zimetulia na kujiongezea muda wa kukusanya mwanga. Weka pia kihesabu muda cha sekunde tatu, kwa kuwa hata kugusa kitufe kunaitikisa. Zima flashi; mwanga wake huishia mita chache mbele yako na hauna msaada wowote kwa jengo. Usivute picha kwa vidole viwili kabla ya kupiga, wala usikimbilie ile lenzi ya upana mkubwa, kwa sababu katika simu nyingi lenzi kuu ndiyo inayopokea mwanga mwingi zaidi.

Hukuuliza juu ya majengo kuonekana yanaanguka kinyumenyume, ila nina hakika yanaanguka katika picha zako pia, maana Burj Khalifa ina mita 828 na kila anayesimama chini yake hulazimika kuinua simu. Simu ikiinuliwa, kuta zilizo wima hukimbiliana kuelekea juu. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: ukiishika simu wima kabisa, bila kuiinamisha hata kidogo, lenzi kuu huhitaji umbali wa karibu mara moja na nusu ya urefu wa jengo ili jengo lote liingie. Kwa lile jumba la makumbusho umbali huo ni mita 115 hivi, hatua chache tu. Kwa Burj Khalifa ni karibu kilomita moja na robo ukiwa na simu isiyoinama, na ndiyo sababu picha zake zinazovutia hupigwa kutoka mbali, ilhali watu wanaosongamana miguuni pake hurudi na picha za kiuno chake. Wakati huo nusu ya chini ya picha yako itajaa ardhi, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini wapiga picha wa miji huyafuata maji: ziwa au mfereji huigeuza nusu hiyo iliyokuwa ya bure kuwa taswira ya jengo lenyewe.

Wewe, tena, hata safari ya mbali huihitaji. Toka dukani Deira kabla ya Magharibi, panda abra, ile boti ndogo ya kuvushia abiria, kwa nauli ndogo, vuka upande wa Bur Dubai na ugeuke kuangalia ulikotoka. Utaliona jengo la benki lililobuniwa na Carlos Ott katika miaka ya 1990, lenye uso wa kioo uliojipinda kama tanga lililojaa upepo, na kwa kuwa uso huo umeelekea magharibi, hushika dhahabu ya jua linalozama, kisha buluu, kisha taa za ng'ambo moja baada ya nyingine, huku maji ya khori yakirudia yote hayo kwa chini. Tanga si mfano wa bahati tu mahali hapo, maana majahazi bado hufunga gati upande ule wa Deira, katika bandari ambayo watu wa pwani yetu waliijua kabla ya kioo. Katika Dubai yote, hiyo ndiyo picha ningeipiga kwanza.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mwanangu anafanya kazi Dubai na mwezi wa nane alinialika, akanipandisha mpaka ghorofa ya 124 ya Burj Khalifa. Picha zangu zote za kule juu zina uso wangu na mwanga wa simu juu ya mji, na tuliposhuka na kutoka nje, picha zilikuwa na ukungu kama zimepigwa kwenye mvuke wa sufuria. Nimesikitika sana, kwa kuwa sijui kama nitarudi tena. (Mama, Mombasa)

JIBU: Marahaba, mama, na pole. Mambo mawili tofauti yamekupata. Kule juu, mita 452 kutoka ardhini, kioo kilikuwa kinakuonyesha chumba ulichosimama, kwa sababu ndani kulikuwa na mwanga kuliko nje. Lenzi ingegusa kioo kabisa, pasibaki upenyo, sehemu kubwa ya mwakisiko ingeondoka. Na mtandio mweusi, au buibui, ukiuzungushia simu na mkono kama pazia, humaliza kilichobaki. Punguza na mwangaza wa skrini. Mavazi meusi ni rafiki mkubwa mbele ya kioo, nami huvaa shati jeusi kwa makusudi ninapokwenda mahali kama hapo.

Ule ukungu naujua kwa uchungu. Jioni moja ya Agosti nilitoka ndani ya maduka yenye kiyoyozi kikali nikiwa nimebakiwa na dakika kumi za buluu, nikainua simu na kuona mji wote umefunikwa maziwa. Nikaifuta lenzi kwa upindo wa shati. Ikasafika kwa pumzi moja, ikafunga tena. Nikaifuta tena, na sasa juu ya ukungu pakawa na mafuta ya kidole, yaliyozifanya taa zote zitoe miale ya mshazari. Nilipopata picha safi, anga lilikuwa limeshakuwa jeusi. Sababu ni kwamba simu iliyopoa ndani hukutana na hewa ya Ghuba iliyojaa unyevu wa bahari, na unyevu huo hugeuka maji juu ya kioo chake, sawasawa na chupa ya maji baridi mezani kwako Mombasa. Kufuta hakusaidii mpaka simu ipate joto la nje. Itoe mapema kwenye mkoba, uishike mkononi au mfukoni karibu na mwili kama robo saa kabla ya kupiga, au kabla ya kutoka ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ili maji yakusanyike juu ya mfuko, kisha uifungue ikishapata joto. Lenzi yenyewe ifute kwa kitambaa laini cha miwani, ungali ndani.

Picha ulizonazo usizifute, mama. Katika sehemu ya kuhariri ya simu yako punguza mwangaza na uongeze utofauti wa giza na mwanga. Zile zenye ukungu mwepesi zitarudi kiasi. Na mwanao akizitaka kwa WhatsApp, mtumie kama hati, si kama picha, maana njia ya kawaida huzibana na kuzila kingo.

SWALI: Niko Zanzibar, najiandaa kwenda Dubai kwa mara ya kwanza, na rafiki yangu aliwahi kuzuiwa na mlinzi akipiga picha kule. Je, kupiga majengo kunaruhusiwa? (Mwanafunzi)

JIBU: Majengo maarufu ya kitalii unaweza kuyapiga kwa kumbukumbu zako bila wasiwasi, na maelfu ya watu hufanya hivyo kila jioni. Jiepushe kabisa na majengo ya jeshi na ya polisi, kasri za watawala, na maeneo ya ulinzi ya viwanja vya ndege. La kuangalia zaidi, ambalo wageni wengi hawalijui, ni watu: sheria ya shirikisho ya mwaka 2021 kuhusu makosa ya mtandao inalinda faragha ya mtu, na kumpiga picha au kuisambaza bila ridhaa yake kunaweza kuleta faini kubwa au kifungo, hasa familia na wanawake wanapohusika. Katika picha za usiku hili lina njia nyepesi, kwa sababu modi ya usiku inapokaa sekunde kadhaa kwenye stendi, wapita njia wanaotembea hufifia na wengine kupotea kabisa. Stendi kubwa za miguu mitatu ndizo mara nyingi zinazowaita walinzi katika maeneo ya maduka na hoteli, kwani huwafanya wadhani ni kazi ya biashara inayohitaji kibali. Chukua ile ndogo ya kiganjani inayokaa juu ya ukuta mfupi au benchi, na mlinzi akikuambia funga, mwitikie salamu yake, funga, na usogee kwenye njia ya umma.