Hati Haingoji Nafuu: Kwenu Mnaoanza Kuuguza Wazazi

Mwezi huu nimewasikia ndugu watatu wanaouguza wazazi wao wakisema neno lile lile nililolisema mimi zamani, kwamba suala la hati ya uwakilishi, yaani hati ambayo mtu humpa mwingine mamlaka ya kumsimamia mambo yake, litashughulikiwa mzee akipata nafuu. Nimeona nisinyamaze tena.

1. Hati itangulie. Baba yangu alipoanza kusahau siku za kliniki, bado aliweza kueleza vizuri nani amsimamie fedha na nani aamue kuhusu matibabu yake. Niliona haya kumwuliza. Nilihofia angedhani namchimbia kaburi angali hai, na ndugu zangu wangesema nainyemelea mali. Kwa hiyo nikakaa kimya mwaka mzima na kimya kile nikakiita heshima. Kisha akapata kiharusi. Wakili niliyemleta kando ya kitanda alimwuliza maswali mawili mepesi, hati hii ni ya nini na inampa nani mamlaka gani, na baba akamtazama tu huku mkono wake ukiutafuta wangu. Wakili akafunga mkoba wake. Nilimkasirikia, ingawa ndiye aliyekuwa akimlinda baba, kwa kuwa saini ya mtu asiyeelewa anachokisaini haina nguvu, na anayemshika mkono ili asaini anajitafutia mashtaka. Ilitubidi kuiomba mahakama imteue msimamizi wa mambo yake, na kwa miezi yote ile akiba yake ilikaa benki, nasi tukikopa ili kumnunulia dawa mwenye akiba. Linaloniuma zaidi si fedha. Hakimu alituuliza baba mwenyewe angependa nini, na sisi watoto wanne tukatoa majibu manne.

2. Isomeni hati. Katika nchi nyingi zenye mapokeo ya sheria ya Uingereza, hati ya kawaida hukoma mtoaji anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani pale hasa mnapoihitaji. Mwulizeni wakili kama sheria yenu inaruhusu ile inayodumu hata baada ya uwezo huo kupotea. Mzazi akishafariki, msiitumie tena benki, kwani hapo huanza kazi ya msimamizi wa mirathi.

3. Fedha zake zisichanganyike na zako, na stakabadhi zitunzwe, hata za nepi.

4. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na mkague visigino, nyonga na makalio, msije mkakuta vidonda vya kulalia. Alishwe akiwa ameketi wima. Akichanganyikiwa ghafla msiseme ni uzee, maana huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, apelekwe akapimwe.

5. Gawaneni zamu mapema, tena kwa kumsikiliza anayeuguzwa. Baada ya baba, nilikwenda kwa mama angali na nguvu zake, nikamwuliza yale niliyoshindwa kumwuliza baba. Hakushtuka hata kidogo. Alisema mdogo wangu ashike fedha kwa sababu ana subira na hesabu, nami nishike dawa kwa sababu naamka alfajiri, kisha akaniuliza kwa nini tumechelewa hivyo kumwuliza.