Barua kwa mwanangu: hofu na mashaka ni juu ya sura yako ya nne

Mwanangu mpendwa,

Salaam sana. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku Tanga ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Usicheke. Najua ushaanza kucheka unasema mzee kaanza mambo yake ya 1978, lakini hiyo mistari nimeiweka makusudi na mbele ntakuambia kwanini.

Voisi yako nliipata. Dakika sita na kitu, nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nipo barazani kwenye kahawa na kashata nikaiweka sikioni kabisa wazee wenzangu wasisikie. Nilichoelewa ni kwamba sura ya nne ya tasnifu imekwama toka mwezi wa tatu, data unayo yote, wale kinamama wanaolima mwani baharini kule Moa ushawahoji ukawarekodi, msimamizi kashakuandikia imeli mbili, na kila usiku unafungua laptopu unaiangalia, unabadilisha ukubwa wa maandishi, unaifunga. Alafu ukaniuliza, "Baba wewe ulikua unaandika kila siku, motisha ulikua unaitoa wapi?"

Kabla sijajibu niseme ukweli, voisi hii nnayo wiki ya tatu sasa. Nlikua najiambia ntamjibu nikitulia. Nikatulia, nikalala. Kesho yake tena ivo ivo. Juzi nikasema hata nikitulia mpaka Idi sitoandika, ndio nikachukua karatasi nikaandika zile salamu hapo juu bila kujua nini kitafuata, na saivi unaona nafika aya ya tatu na mkono haujataka kusimama.

Sasa hilo neno motisha. Sie makazini motisha tulikua tunaijua ni ile nyongeza, bahasha mwisho wa mwezi, au kilo mbili za sukari bosi akifurahi. Ilikua inakuja baada ya kazi. Sijawahi kumuona mtu anapewa motisha kabla hajashika jembe. Nyie mmeichukua mkaiweka mbele, mnakaa mnaingoja kama watu wanaongoja basi la Lushoto, na dereva mwenyewe hajui kama anatakiwa kuja.

Kuhusu mimi kuandika kila siku, unaijua nusu tu ya ile habari. Kabla sijapata kazi posta nlikua na meza moja na stuli mbili kwenye kibaraza cha fundi cherehani pale Ngamiani, naandikia watu barua. Shilingi moja barua, na kama huna unaleta hata muhogo. Wateja wangu wengi walikua wazee wa mkonge, wale waliokuja zama za manamba, vibarua wa mashamba, kutoka Kigoma, Songea, Burundi huko, wakazeekea mashambani, vidole vimechomwa na miba mpaka kalamu haishikiki. Elimu ya watu wazima ilikuja, ule mwaka wa 1970 Mwalimu aliutangaza kabisa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wengi walijifunza, lakini kusoma jina lako ni kitu kimoja na kuandika barua ya kumwambia dada yako kwamba bado uko hai ni kitu kingine.

Siku moja nimeamka sitaki kitu. Nlikua nimegombana na mama yako, hata kuoana bado, kanirudishia kanga yangu kupitia kwa kaka yake, mbele za watu. Nikafika kibarazani ili nionekane nimefika tu. Akaja mzee mmoja wa Kiha, ana kofia ya mkonge, anataka barua iende Kasulu kwa dada yake. Nikamwambia mzee leo mkono unaniuma njoo kesho. Yule mzee wala hakubishana, akakaa chini akaegemea nguzo, akasema dada yake hajamuandikia miaka tisa, siku moja si kitu, ila nauli ya kurudi tena kesho hana.

Basi nikachukua karatasi kwa hasira. Nikaandika dhumuni la barua hii. Nikaandika mzima wa afya. Nikaandika hofu na mashaka. Maneno nlioyaandika mara elfu, hayahitaji akili, mkono unayajua wenyewe, na nlipofika kwenye upeo wa macho yangu ile hasira haipo, mkono umeshapata moto, nikamuuliza mzee haya, nimwambie nini? Ndio nlipoelewa kitu ambacho hakuna mwalimu aliniambia. Watu wanadhani zile salamu ni za mpokeaji. Nyingi ni za muandishi. Zinampasha mkono.

Akaanza kusema, naandika. Lakini kwakua mie nna mawazo ya kanga yangu, nikaanza kumpamba, nikaweka machozi yananitiririka kama mvua za masika nikikukumbuka. Nlipomaliza nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, hayo machozi ya nani? Nikasema si ya kwako mzee. Akasema mimi sijalia. Kata. Andika mguu wa kushoto unaniuma, na nimenunua baiskeli.

Nikakata, nikaandika mguu na baiskeli. Barua nzima ilikua kama robo tatu ya ukurasa na nadhani sijawahi kuandika nzuri kuliko ile, japo nlikua namchukia kila mtu siku ile, yeye mwenyewe akiwemo.

Nakusimulia yote hayo kwasababu nakuona unaandika sura ya nne na machozi ya masika. Kwenye voisi umesema "nataka ianze kwa nguvu". Ianze kwa nguvu kwa nani? Unamuandikia nani? Mie nahisi unaliandikia jopo la watahini, watu watano wamevaa tai ambao huwajui, na ukikaa mbele ya watu kama hao lazima ulimi ukauke. Andika barua. Sikutanii, andika "Mama, shikamoo, ni mimi yule kijana niliyekuja na daftari, ulivonieleza kuhusu kamba zako nimeelewa ivi" alafu endelea. Hizo shikamoo utazikata baadae, hakuna msimamizi atakaejua zilikuwepo.

Na hao hao kinamama, wewe ndio ulinifundisha. Ulinambia wanashuka pwani siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapotoka sana, na saa ya kushuka haichagui mtu, likiwa kupwa la asubuhi ni asubuhi, likiwa la mchana na jua lile ni mchana, wanashuka wanafunga mbegu kwenye kamba, wanakaza vigingi, maji yakianza kurudi wanatoka. Maji mafu, siku yasipotoka sana, wanakaa nyumbani wanafanya mengine na hawajilaumu. Sasa katika mahojiano yote uliofanya, kuna hata mmoja alikuambia alisimama ufukweni anajiuliza kama hamu ipo? Wewe nawe una bamvua lako. Toka mdogo ni mtu wa alfajiri, hesabu zako zote ulizifanya kabla ya adhana na mama yako analalamika unamaliza mafuta ya taa. Leo unajilazimisha saa 5 usiku, umetoka ofisini, umekaa foleni, umekula ugali, macho yanafunga, alafu unasema hamu imekata. Hamu haina kosa, umeshuka pwani maji yamejaa.

Kuna Mwingereza mmoja nampenda kwa vile alikua mtu wa posta kama mimi, Anthony Trollope, karne ya 19 huko, ndie aliependekeza yale masanduku ya barua ya kusimama barabarani. Huyu alikua anaanza saa 11:30 alfajiri kabla ya kazi, anaweka saa mezani, maneno 250 kila robo saa, masaa matatu, alafu anaenda posta. Na hakua na nguvu za ajabu za kuamka, alikua anamlipa mtumishi pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amuamshe kwa kahawa. Riwaya 47 zilitoka ivo. Baada ya kufa kwake kitabu cha maisha yake kikatoka 1883 wasomaji wakajua, na wengine wakachukia kabisa, walitaka kusikia habari za roho kushuka kwa muandishi sio habari za saa. Na usiende mbali, Shaaban Robert kazaliwa hapa hapa Vibambani 1909, na alikua karani wa forodha toka 1926, ofisi baada ya ofisi, uhamisho juu ya uhamisho, na tungo zinatoka. Najua utasema baba hao walikua na kipaji. Sawa, walikua nacho, lakini sura ya nne ya tasnifu haihitaji kipaji mwanangu, inahitaji ueleze ulichokikuta.

Ila hayo maneno 250 usiyaige. Nakujua, utaanza kuyahesabu, ukipata 90 unanuna siku nzima. Wewe chukua robo saa tu, simu iache chumba kingine, ikiisha umeandika mistari miwili basi ni mistari miwili, inuka kanywe chai. Ukitaka kuendelea endelea, mie najua utaendelea lakini tusiwekeane ahadi.

Kitu kingine ni cha bibi yako. Unakumbuka alivokua anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, pale uani? Alikua haachi ukili pale alipomaliza. Jua likizama anachomeka chane mpya ya miyaa, anaisuka mara moja mbili, alafu ndio anakunja anaweka. Nlimuuliza kwanini asimalize kabisa apumzike, akasema asubuhi vidole vyake vimekakamaa, havitaki kufikiri, vinataka kukuta kazi imeshaanza. Wewe unaandika mpaka unakauka, unafunga laptopu palipo na ukuta, kesho yake unafungulia ukuta. Achia mahali unapojua kinachofuata. Hata sentensi iache kati.

Lakini nakuuliza kitu kimoja na unijibu bila kuzunguka. Je ni sura ya nne tu? Maana kama na chakula hakipandi, usingizi hamna, hata Coastal Union wakicheza huangalii (najua wanatuumiza roho, ila hata kuangalia?), basi hiyo sio habari ya tasnifu na ushauri wangu wote huu wa salamu na ukili haufai kitu. Nenda kamuone daktari, au omba ruhusa wiki moja uje nyumbani, nauli ntatuma. Hakuna atakaekuuliza sura.

Kama ni sura tu, basi sikiliza nimefanya nini. Ile voisi yako ya malalamiko, dakika ya nne, katikati ya kusema huwezi kuandika, ukaanza kunieleza kwanini unaona uvivu, ukasema kwa sababu jambo lenyewe liko wazi, ukalieleza lote. Nikakaa nikaliandika kama nlivokua nawaandikia wazee, neno kwa neno, nikisimamisha na kurudisha mpaka mjukuu wangu akaninyang'anya simu. Umesema ivi:

"Zamani walikua wanalima kotonii, ile aina ya mwani, maana ndio yenye bei, lakini miaka hii maji yakipata joto inageuka nyeupe inakatika kwenye kamba, mtu anashuka bamvua linalofuata anakuta kamba tupu, kwaiyo wengi wamehamia aina nyingine, spinosamu, hiyo inavumilia joto ila bei yake ndogo, kazi ile ile, mgongo ule ule."

Hiyo ni nini kama sio sura ya nne? Hapo umenieleza hata mie ambae mwani naujua kwa kuukanyaga tu Raskazone nikioga.

Karatasi nimeipiga picha naituma pamoja na barua hii. Kuna mahali nimeongeza neno langu moja mawili, mkono wa zamani huo, haujaacha tabia. Soma, na kama yule mzee, pale ambapo hukulia uniambie nikate. Na mstari wa mwisho nimeuacha kati, umeishia "na wale waliobaki na kotonii wanasema", maana hapo dada yako alikupigia simu voisi ikakatika, na wanachosema unakijua wewe.

Baba yako