Maswali ya wasomaji: Unahodha katika Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kuendesha vyombo vya angani

SWALI: Ndugu wahariri, hamjambo? Kila nikikaribia kituo kwa supakruzi (mwendo wa kasi mno wa kusafiri kati ya nyota na sayari za mfumo mmoja), nakipita. Nikigeuza chombo nirudi, nakipita tena. Nakosea wapi?

JIBU: Hatujambo, ndugu. Bila shaka macho yako yako kwenye umbali, na umbali hudanganya. Katika supakruzi, uvutano wa nyota na sayari zilizo jirani hukibana chombo, kwa hiyo umbali ule ule huweza kuisha upesi mahali pamoja na polepole mahali pengine. Fuata sekunde zilizobaki kufika, zinazoandikwa pamoja na jina la kituo. Nenda kwa mwendo wote hadi zisome 7, kisha rudisha wenzo wa kasi hadi asilimia 75, ndani ya ile sehemu ya buluu, na usiuguse tena. Chombo kitajipunguza chenyewe, na hesabu itaganda kwenye 6 au 7 karibu hadi mwisho.

Ikishuka hadi 5 umeshachelewa. Hata ukiweka kasi sifuri, chombo hukawia kutii. Kinachookoa hapo ni kupita karibu na sayari ambayo kituo kinaizunguka, uvutano wake ukupunguze. Toka supakruzi umbali ukiwa chini ya megamita 1 (kilomita 1,000) na kasi chini ya megamita 1 kwa sekunde. Skrini yenyewe itakuruhusu. Kuna moduli (kifaa kinachofungwa chomboni) inayofanya haya yote kwa niaba yako, lakini hula nafasi, na mkono uliozoea hufika mapema zaidi.

SWALI: Nimeishiwa mafuta katikati ya safari ndefu ingawa nina kichota mafuta. Kwa nini hakikuchota?

JIBU: Kichota huchota mafuta kutoka kwenye nyota, na hufanya kazi kwenye zile za daraja (aina ya nyota kwa joto lake) O, B, A, F, G, K na M tu. Daraja L, T na Y hazina msaada, vivyo hivyo nyota za nyutroni na vibete vyeupe, ambazo ni mabaki ya nyota zilizokufa. Kwenye ramani ya galaksi, chuja njia kwa madaraja hayo saba kabla ya kuondoka, na uangalie mstari wa safari: unapoanza kuwa vitone, mafuta hayafiki hapo.

Ukitokea mbele ya nyota, weka kasi sifuri kwanza. Kisha izunguke kwa upande, ukisogea kidogo kidogo hadi kichota kianze kujaza tangi. Joto likikaribia asilimia 70, jitenge. Likizidi 100 moduli huanza kuharibika. Ukiingia ndani mno, chombo hutupwa nje ya supakruzi kwa nguvu na kuumia.

Kwa sasa, zima moduli zote isipokuwa hewa ya kupumulia. Kama hesabu ya oksijeni imeanza, toka hadi menyu kuu, kisha waite Fuel Rats, wachezaji wanaojitolea kuwapelekea wengine mafuta.

SWALI: Kituo kinanipiga risasi nikiingia!

JIBU: Umeingia bila ruhusa. Iombe ukiwa ndani ya kilomita 7.5. Ukipewa, una dakika 10 za kutua. Pita mlangoni taa za kijani zikiwa kulia kwako, kasi chini ya mita 100 kwa sekunde, na ushushe magurudumu kabla ya kugusa pedi.