Ofisi Mbovu Ugenini: Kabla Hujafunga Begi Kurudi Nyumbani

Wiki hii nimeandikiwa na binti wa Mwanza aliyeanza kazi ya uhasibu hapa Nairobi. Kawekwa chumba cha chini ya jengo, hakina dirisha, choo kina kufuli na ufunguo anao mlinzi. Anauliza: arudi nyumbani? Mdogo wangu, keti nikusimulie.

Mimi ni wa Tanga. Nilipoitwa kazini Nairobi niliwaza maghorofa ya Upper Hill. Nikapelekwa Industrial Area, kwenye godauni la vipuri jirani na Enterprise Road. Ofisi yenyewe ilikuwa roshani ya mbao juu ya karakana, mabati kichwani. Februari mabati yanatuoka. Julai ndiyo usiseme: mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Tanga baridi ile kaijulia wapi? Vidole vilikufa ganzi kwenye kibodi. Chini yetu mashine ya kukatia chuma inalia kutwa, harufu ya thina ya kuyeyushia rangi inapanda. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa chini ya dirisha letu pekee na moshi wote unaingia ndani. Kichwa kiliniuma hadi nikaenda kupima malaria.

Nilipolalamika, bosi alicheka: "Kwani kwenu Tanzania mnafanyia kazi hotelini?" Na wenzangu wakacheka. Maneno yale yaliniuma na, nisifiche, yananiuma hadi leo. Ningefanyaje? Kibali changu cha kazi, daraja D, kilikuwa na jina la mwajiri huyohuyo. Ukigombana naye umegombana na ukaazi wako. Ndiyo maana wageni wengi tunanyamaza, na mabosi wanalijua hilo.

Siku moja nikaazima futi ya fundi nikapima chumba. Mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 30, na tulikuwa watu watano. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kila mfanyakazi apate zisizopungua 10; sisi tulikuwa na 6. Sheria hiyohiyo inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi, na sisi pamoja na wapakiaji tulizidi hapo. Haibagui mwenye pasipoti ya kigeni.

Lakini usimwendee bosi na sheria mkononi kama askari wa kanjo, wale wa jiji. Mimi ni mhasibu, nilianza na pesa. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kuna mwezi tulichelewa kwa sababu umeme ulikatika na hakuna aliyeweza kuketi katika ule moshi. Adhabu ya kuchelewa haipungui shilingi 10,000. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: adhabu juu, vipimo chini. Tukatia saini mimi na Wakenya wawili, haohao waliocheka. Shika hapo, mdogo wangu, kwani barua yenye jina la mgeni peke yake inaishia kapuni. Jenereta ikahamishiwa nyuma ya godauni, watu wawili wakashushwa kaunta. Mabati nasikia yako vilevile.

Miaka iliyofuata siisimulii, ilikuwa kazi tu. Leo nasimamia hesabu za kampuni tatu na dirisha ninalo, kubwa.

Sasa nyinyi vijana mnaoweka picha za ofisi mbovu kwenye WhatsApp kila asubuhi, zinawasaidia nini? Pima, andika, tafuta wenyeji wa kutia saini nawe. Kanunue sweta nzito soko la mitumba la Gikomba, usingoje Juni. Mchana toka nje ukale kibandani, mapafu yapumzike. Tena huko ndiko utakakowajua hao wenyeji. Halafu andika. Nimesema andika? Narudia, andika, na nakala ubaki nayo. Bosi akiziba masikio, serikali ina Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini inayopokea malalamiko.

Na ukiamua kuondoka, ondoka kwa akili: usipeleke barua ya kuacha kazi kabla mwajiri mpya hajakupatia kibali chenye jina lake.