Asilimia 60 ya nani? Kwa mwalimu anayeanza shule ya msingi Lubumbashi

Direkta amekukabidhi darasa, chaki na kaye ya pointi, yaani daftari la alama. Ijaze vizuri, maana inspekta akija ndiyo atakayoiomba kwanza. Ila usidhani ukishaijaza umewajua watoto.

Angalia hesabu ya buletini yetu, ile ripoti ya pointi anayopewa mtoto. Mwaka una trimesta tatu. Kila trimesta ina periodi mbili na mtihani, na maksima ya mtihani, yaani pointi za juu kabisa, ni mara mbili ya ile ya periodi. Somo la pointi 10 kwa periodi linafika 40 kwa trimesta na 120 kwa mwaka. Sasa chukua watoto watatu. Wa kwanza kapata 16, 24, 32. Wa pili 24, 24, 24. Wa tatu 32, 24, 16. Wote wana 72, wote asilimia 60, wote wanapanda darasa. Mmoja ameamka, mmoja yuko palepale, mmoja anazama, na kwenye deliberasio, kikao cha walimu cha kuamua nani apande, macho yote yako kwenye safu ya mwisho. Zoea kusoma buletini kwa mlalo, trimesta baada ya trimesta. Mzazi naye atakuuliza, “Mwalimu, mtoto amekuwa wa ngapi?” Mjibu kwa heshima, kisha umwonyeshe hizo namba tatu.

Hata hivyo, 16 haikuambii mtoto anakwama wapi. Ndiyo maana nakushauri uwe na kaye ya pili, yako mwenyewe. Kwa kusoma, tumia ngazi ambazo Uwezo, mpango wa kupima kusoma na hesabu kwa watoto, wamezitumia katika nchi za Kenya, Tanzania na Uganda: silabi, neno, aya, hadithi. Chini kabisa ni yule ambaye hata silabi bado. Mwite mtoto mezani peke yake, asome kwa sauti, uandike ngazi na tarehe. Basi.

Usimpe ukurasa wa kitabu cha darasani. Watoto wetu wana masikio makali: wamesikia wenzao wakiusoma mara nyingi, na wengine wataukariri huku macho yako dirishani. Andika aya fupi mpya kwa mkono, au mwambie aanzie katikati ya mstari. Na akikuta “ninaenda” akatamka “minaenda”, usimkate. Ameelewa, kisha akasema kama wanavyosema nyumbani kwao, kwenye mitaa yetu ya Katuba au Kenya hapa Lubumbashi. Kosa ni pale anapobuni neno lisilokuwepo.

Kiswahili na Kifaransa vipe safu mbili tofauti. Miaka ya mwanzo mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, baadaye Kifaransa kinachukua nafasi, na hapo utakutana na mtoto anayesoma hadithi kwa Kiswahili lakini kwa Kifaransa yuko kwenye neno. Ukiwa na safu moja utamwita mvivu bure.

Utasema darasa limejaa. Kweli, tangu shule ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure hapa Kongo mwaka 2019, madawati yamebana. Usijaribu kuwapima wote siku moja. Wakati darasa linanakili zoezi, ita watoto wanne au watano, kesho wengine. Wa silabi warudie mara kwa mara, wa hadithi wanaweza kungoja trimesta ijayo. Kwa hesabu fanya vivyo hivyo: anayejumlisha bila kubeba si sawa na anayebeba, hata kama wote wamepata 5 kwa 10.

Ngazi nazo zina hatari yake. Uingereza walikuwa nazo za namba kwa miaka mingi, wakaziondoa mwaka 2014. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba shule zilikimbilia kumpandisha mtoto namba inayofuata kabla msingi haujashika, na watoto wawili wa namba moja wangeweza kuwa na mapengo tofauti kabisa. Basi pembeni ya ngazi andika pengo lenyewe: “anachanganya b na d”, “haelewi swali la kwa nini”. Na orodha hiyo usiibandike ukutani, wala usimwite mtoto “wa silabi” mbele ya wenzake; jina hilo litamfuata mpaka uwanjani.

Mwisho wa mwaka, mpelekee kaye hiyo mwalimu wa darasa linalofuata kabla hamjaachana kwa likizo. Septemba atapokea buletini zenye asilimia. Majina ya kuanza nayo atayapata kwako.