Mume wangu Mkenya ananyimwaje kura ya kijiji?

SWALI: Shikamoo wakili. Naandika kutoka Moa, wilaya ya Mkinga. Mume wangu ni Mdigo wa ng'ambo, Lungalunga. Ana pasipoti ya Kenya na kibali cha ukaazi, anavua hapa na ushuru wa samaki analipa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 alikwenda kujiandikisha, akaambiwa si raia, arudi nyumbani. Sasa nasikia kuna nchi ya Ulaya, Estonia, wageni walikuwa wanapiga kura za mitaa kisha wakanyang'anywa kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Inawezekana kisheria? Na kura ya mume wangu ilichukuliwa lini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ya mume wako haikuchukuliwa, maana hakuwahi kuwa nayo. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inatoa kura kwa raia aliyetimiza miaka 18, na kanuni za uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa zinafuata hapohapo. Karani aliyemrudisha alikuwa sahihi. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki haimsaidii: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inahusu kusafiri, kuishi, kufanya kazi na kufungua biashara. Kura haimo.

Estonia mambo ni tofauti. Nchi ile ilipojitoa Umoja wa Kisovieti mwaka 1991, wakazi wengi wenye asili ya Urusi walibaki bila uraia wake. Wengine wakachukua pasipoti ya Urusi, wengine hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Katiba ya 1992 ikawapa wakazi wa kudumu, raia na wasio raia, kura ya baraza la mji au wilaya yao. Wasio raia ni kupiga tu, kugombea hapana. Basi Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, hoja ikashika kasi kwamba raia wa nchi mvamizi wasiwe na sauti katika kuchagua viongozi wa miji ya Estonia, hasa mji kama Narva, unaotazamana na Urusi kwa kuvuka mto. Tarehe 26 Machi 2025 Bunge lao lenye viti 101 likabadili Katiba kwa kura 93. Waliobaki na haki hiyo ni Waestonia wenyewe na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Wale wasio na uraia wowote waliruhusiwa kupiga kura Oktoba 2025, ikawa mara yao ya mwisho.

Kisheria, ndiyo, inawezekana. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 25, unalinda kura ya raia. Mgeni haulazimishi nchi kumpa. Kilichotakiwa ni kupita mlango uleule ulioingiza haki hiyo, yaani Katiba, na ndivyo walivyofanya. Sheria ya kawaida isingetosha. Raia wa Umoja wa Ulaya hawakuguswa kwa sababu kura yao ya mitaa imefungwa na Mkataba wa Maastricht wa 1992, ule ulioanzisha Umoja huo.

Lakini kuwezekana si kuwa na busara. Mjadala ulikuwa juu ya Warusi na Wabelarusi. Maandishi yaliyopitishwa yanamkata yeyote wa nje ya Umoja wa Ulaya. Raia wa Ukraine, ambaye nchi yake ndiyo iliyovamiwa, amepoteza kura pamoja na mvamizi wake. Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu Tallinn, mji mkuu wa Estonia, naye yumo. Hapo usalama unapimwa kwa jalada la pasipoti, bila kuuliza mtu huyu ametenda nini. Na jasusi, kusema kweli, hangoji kura ya udiwani ili afanye kazi yake.

Kwetu swali la usalama linaulizwa mapema, wakati wa kuomba uraia, na linaulizwa kwa mtu mmoja mmoja. Maombi ya tajnisi, yaani uraia wa kuomba, hujadiliwa kuanzia ngazi ya kata, kisha kamati za usalama za wilaya na mkoa, kabla ya kwenda juu. Mtu akishavuka hapo, kura yake ni sawa na yangu. Mfano tunao mkoani kwetu: Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani Somalia, wakarudi kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, Handeni. Wengi wamepewa uraia. Njia ni ndefu, ila naiona ya haki zaidi kuliko ile ya Estonia.

Na hapa sheria yetu ina kasoro yake. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinamrahisishia mke mgeni wa Mtanzania. Mume mgeni wa Mtanzania, kama wako, hatajwi. Anapita njia ya kila mtu. Lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amejumlisha angalau miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, atangaze nia yake gazetini. Uraia pacha kwa mtu mzima hatuna, kwa hiyo wa Kenya atauacha. Hilo mkalijadili nyumbani kwanza.

Kabla hajaukana uraia wowote, mwambie akusanye pasipoti zote, mpya na za zamani, pamoja na nakala za vibali. Miaka huhesabiwa kwa mihuri ya kituo cha mpakani Horohoro, na aliyezoea kupita njia za panya kwenda kuzika Lungalunga atapata tabu kuithibitisha. Cheti cha ndoa nacho kiwepo. Mpeleke Ofisi ya Uhamiaji Mkoa, Tanga mjini, aulize ada ya sasa kabla ya kujaza fomu.

Asijiandikishe kwa kujiita raia, hata kama mwenyekiti ni mjomba wako. Hilo ni kosa la jinai na litamfuata kwenye maombi. Mkutano mkuu wa kijiji ni jambo jingine. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inauweka kuwa wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikia miaka 18. Aende, akae, na suala la ushuru wa samaki aliulizie hapohapo.